Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimevishwa saa. Si ya mkononi. Ile ya walimu wa michezo, ya kamba ya shingoni — bonyeza inaanza, bonyeza inasimama. Meneja amenivisha mwenyewe mbele ya watu, utadhani nimeshinda mbio. Makofi! Mwenzangu Kicheko alipiga mawili tu, akarudisha mikono mapajani.

Semina ilikuwa chumba cha mikutano cha ghorofa ya nne. Chumba hicho tumekifuta vumbi miaka na miaka bila kukalia viti vyake. Leo tumevikalia. Laini hasa. Mzee wa Vioo, ambaye kazi yake ni madirisha, alikaa nchani mwa kiti kama anasubiri kuitwa na daktari. Wale mabinti wawili tunaowaita Pacha (si ndugu hata kidogo, ila huwatenganishi) walikuwa wanajizungusha mpaka Dereva akawakanya. Dereva hajashika usukani siku nyingi. Sasa anasukuma mashine ya kuvuta vumbi, na jina limemganda.

Meneja ni kijana mpole, koti limemzidi mabega. Alituonyesha picha ukutani: usafi wa maofisini unakoelekea duniani. Kwamba siku hizi kazi inafanywa mchana, wenye ofisi watuone. Kwamba kuna vyoo vinavyohesabu watu, vikizidiwa vinamtumia msafishaji ujumbe kwenye simu. Kwamba kuna mashine inapiga deki peke yake na kukwepa miguu ya meza. Kicheko akaninong'oneza kutoka nyuma: hiyo mashine ikiumwa kiuno, inaomba ruhusa kwa nani?

Zamani ningecheka mpaka nitolewe nje. Leo nilikuwa nimekaa mbele, ubavuni mwa Meneja. Nikajikausha.

Mwisho akafika kwenye neno lake — benchimaki. Yaani kipimo cha kujilinganisha. Mtu mmoja, saa moja, mita ngapi za mraba. Majengo mengine ya kampuni yameshapimwa, letu bado. Akatuonya: kuna jengo watu walijifanya wazembe siku ya kupimwa, wakakokota madekio kama wagonjwa. Wakagundulika. Wote walimwaga unga siku ile ile. Anayechezea kipimo hana kazi.

Na mpimaji ni mimi. Kwa sababu mimi ndiye supavaiza mpya, na kwa sababu, kasema Meneja, wananiamini.

Wananiamini! Tangu nipandishwe mwezi uliopita hakuna aliyenitania hata mara moja. Na leo aliyejaribu nimemwacha hewani.

Jumanne, 4 Machi

Kiti.

Nieleze vizuri, maana kimenikaa rohoni. Sisi chai tunanywea stoo, katikati ya madumu ya dawa, kila mtu juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Ndoo yangu ilikuwa ya bluu, yenye ufa. Leo nimeingia nikakuta kiti. Chenye mgongo! Kimeokotwa kwenye samani zilizotupwa, kimefutwa, kimewekewa hata kitambaa. "Karibu, Madam," anasema Kicheko.

Kicheko. Ambaye tangu siku ya kwanza hajawahi kuniita jina jingine zaidi ya "wewe mwanamke". Tulipomzika mume wangu, yeye ndiye aliyenishika kwapani nisianguke. Mwanawe alipougua, ni mimi niliyekuwa napiga deki sehemu yake na yangu. Leo mimi ni Madam, na kikombe nilichopewa ndicho pekee ambacho hakijamomonyoka.

Nikakaa. Maongezi yakakatika kama bomba lililofungwa. Mmoja wa Pacha akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nikasema inatosha. Haikutosha. Nikaimeza ya moto hivyo hivyo, nikatoka.

Baadaye nikampima Kicheko, ukumbi mrefu upande wa mashine za kuchapia. Nikabonyeza. Yule mwanamke alikwenda! Dekio linateleza kama pasi kwenye shuka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma, maana kifua chake kinapiga mluzi akipanda ngazi. Amemaliza, sakafu inang'aa, ananitazama. Nikamwambia hongera. Akasema asante, Madam.

Alhamisi, 6 Machi

Wote nimeshawapima. Wote moto wa kuotea mbali. Hata Dereva, ambaye nikitaka kumharakisha lazima nimwambie jengo linaungua. Meneja kila nikimtumia namba ananijibu kwa picha ya dole gumba.

Nimerudi nyumbani nikasema "hodi" mlangoni. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja ameniita. Akanipa mkono kwa mikono miwili. Jengo letu limeongoza, limepita yote! Makao makuu wameshtuka. Jumatatu atakuja kuhakiki ukumbi mmoja kwa macho yake, halafu anaidhinisha.

Nikawa nimevimba kichwa, siwezi kujidanganya hapa. Nikaona tumewakomesha.

Halafu akaniambia nikae. Kwa kasi hiyo, mama, ghorofa ya nne haihitaji watu watano. Watatu wanaitosha. Mteja ameshaona hesabu na ameshapenda. Nimpe majina mawili, Jumatatu ya wiki inayofuata, tarehe kumi na saba.

Nikauliza wanahamishiwa jengo gani. Akainamisha macho. Hakuna jengo, mama. Kila mahali wanapunguza.

Nikamuuliza kwa nini asichague yeye. Akasema yeye hawajui, mimi ndiye ninawajua. Halafu akasema kwa sauti ndogo, akiwa anapanga kalamu zake: na mimi napimwa, mama. Nikamhurumia! Hebu fikiria. Nimetoka ofisini mwake namhurumia yeye.

Majina mawili. Sihitaji kufikiri, na hilo ndilo linanitisha. Mzee wa Vioo, kwa umri. Kicheko, kwa kifua. Mtu yeyote angesema hayo. Meneja angeyasema mwenyewe kama angewajua.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu amepiga. Kule aliko, mumewe amepata nyumba kubwa zaidi. Mjukuu akapewa simu, akapumua tu kwenye sikio langu, akaitupa. Nilitaka kumwambia binti habari ya majina. Lakini alikuwa anapika na simu ameibana begani, nasikia sufuria, nasikia mtoto, nasikia mume anauliza soksi. Nikasema mimi mzima. Akasema Mama jitunze. Basi.

Nyumba ya mtu mmoja haichafuki. Hakuna aliyeniambia hilo nilipofiwa. Sahani moja, kijiko kimoja. Kapeti halina hata chembe. Mimi niliyeishi kwa kufuta uchafu wa watu, kwangu sina cha kufuta. Kuna alama za vidole vya mjukuu kwenye mlango wa friji, tangu walipokuja. Vile vidole vyenye jamu. Sivigusi. Kazini ningempa mtu onyo kwa doa kama lile.

Mchana, kwa upweke tu na ujinga, nikajivika ile saa shingoni, nikabonyeza, nikapiga deki sebuleni. Nikabonyeza tena. Nikapiga hesabu ya mita kama nilivyofundishwa.

Nimeifikia namba ya Kicheko! Mimi, na goti hili la kushoto linalonilia kama bawaba.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Nimefikia namba ile kwa sababu sebule yangu haikuwa na uchafu. Nilikuwa napitisha dekio juu ya usafi.

Sasa ukumbi wa mashine za kuchapia, wenye unga mweusi wa wino, wenye kahawa za watu wazima wasiojua kushika kikombe, wenye alama za magurudumu ya viti ambazo hazitoki mpaka upige magoti — Kicheko aliufanyaje haraka kama sebule ya mjane?

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaona.

Nilitoka nyumbani mapema, jua halijachomoza vizuri. Lifti ilikuwa haijawashwa. Nikapanda ngazi nimeshika ukuta, goti linanisuta kila hatua. Kufika mlango wa vioo wa ghorofa ya nne nikasikia maji yanakamuliwa.

Wote watano. Muda wa kazi bado kabisa. Dereva anavuta vumbi kwa mashine, ameweka taulo juu yake isipige kelele. Pacha wanahamisha viti. Mzee wa Vioo yuko juu ya ngazi. Na Kicheko amepiga magoti kwenye kona ya mashine za kuchapia, anakwangua ubani wa kutafuna uliogandana na sakafu, kwa kisu butu, taratibu, anapumzika, anakwangua tena. Ule mluzi wa kifua niliusikia mpaka nje.

Nilisimama nyuma ya nguzo kama mwizi. Kicheko alikuwa anawahimiza: wafanye upesi kabla sijafika. Leo Meneja anakuja mwenyewe. Akiona doa hatatuuliza sisi, atamuuliza yeye Madam. Amepanda juzi tu, watu wanamsubiri ateleze. Dereva akauliza kwani hii itakuwa mpaka lini. Mpaka azoee kiti, Kicheko akasema.

Ah, jamani.

Kule kwingine walijifanya wazembe. Hawa wangu wamekuja alfajiri, kwa hiari yao, wakanisafishia sakafu ili niipime ikiwa safi! Kama mtu anayepiga deki nyumba nzima kwa sababu mgeni anakuja. Na mgeni ni mimi. Kwa mgeni husemi kuna vumbi chini ya kitanda. Unamficha, unamwekea kiti, unamuuliza habari ya sukari.

Wamejikata mguu wenyewe kwa heshima yangu. Na saa nilikuwa nayo mimi, namba nilizipeleka mimi.

Nikashuka ngazi. Nikasubiri chini mpaka muda wangu wa kawaida. Meneja akaja, tukapanda pamoja na lifti. Kicheko akapiga deki mbele yetu, mwepesi. Meneja akatazama simu yake, akatikisa kichwa kwa furaha, akaidhinisha.

Na mimi? Kimya. Nikifungua mdomo kwamba walipita kabla ya kipimo, hiyo ni kuchezea kipimo. Wote watano nje, si wawili. Nilisimama pale, ile saa inaning'inia shingoni mwangu kama kengele ya ng'ombe.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda stoo kunywa chai. Nilinywea ngazini.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu. Nimemvizia Kicheko kwenye vyoo vya wanawake, akiwa peke yake anabadilisha karatasi. Nikamwambia najua. Nimewaona Jumatatu.

Hakugeuka. Akasema hajui ninachosema, Madam. Wao wanafanya kazi tu.

Nikamwambia usiniite Madam. Akasema aniiteje sasa?

Nikamwambia wanataka kupunguza wawili. Hapo ndipo mikono yake ilisimama. Akauliza kina nani. Nikasema sijaandika mtu. Akajitazama kwenye kioo ambacho amekifuta mwenyewe. Halafu akasema kama mtu anayeagiza sabuni: nimwandike yeye, lakini nimwache Mzee, Mzee ana wajukuu anaowalea.

Nilitaka kumshika. Akaingia choo cha pili akaendelea na karatasi, na mtu wa ofisi akaingia, tukawa tumenyamaza wote kama tusiojuana.

Nimelia ndani ya basi kurudi nyumbani. Mtu akanipisha nikae dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimemfuata Meneja.

Sikumwambia waliyofanya. Nilimwambia anipime mimi. Nikasema siwezi kuchagua watu wawili kwa kipimo ambacho mimi mwenyewe sijapita. Nikasema ukumbi wa mashine za kuchapia, Jumatatu asubuhi, uchafu wa Ijumaa ukiwa pale pale, dekio mkononi mwangu na saa mkononi mwake.

Akacheka kwanza. Si kwa dharau. Kasema mama, una umri wa kupumzika. Nikasema basi andika "bibi kizee" pembeni. Akafikiri. Akasema sawa: ikionekana tofauti, atarudisha kipimo kwa makao makuu kirudiwe chote, hata kama watamgombeza. Lakini ikilingana, majina mawili pale pale, na yeye hatasikia tena habari hii. Nikamwambia nimekubali. Tukapeana mkono.

Nadhani na yeye anatafuta sababu. Macho yake hayakuwa ya mtu anayependa kufukuza.

Na bahati gani! Leo mchana wenye ofisi walikuwa wanamuaga mwenzao. Keki imekanyagwa mpaka mlango wa lifti. Soda imemwagika chini ya mashine ya kuchapia. Vikaratasi vile vya kung'aa vimezagaa kila mahali na vina ugomvi na ufagio. Sijawahi kufurahia uchafu hivi maishani mwangu. Nilipita naukagua kama mkulima anayeangalia shamba lake.

Nikawaita wote stoo. Nilisimama, sikukikalia kile kiti. Nikawaambia: ule ukumbi mtu asiuguse. Jumatatu njooni muda wenu. Si kabla. Nawaomba. Sikuwaambia sababu yote, maana Pacha midomo yao haina vizuizi, ila nilisema napimwa mimi na ninataka uchafu wangu kamili.

"Sawa, Madam." Kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Kicheko alikuwa ananitazama goti.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelikanda goti kwa maji ya moto. Limevimba kama limeweka shavu.

Ninaogopa nini hasa? Niandike. Naogopa nikiwa mzito sana Meneja atasema ni uzee, si uchafu. Naogopa nikijitahidi sana nitalingana. Yaani nipige deki kwa kiasi gani? Sijui tena. Kazi niliyoifanya bila kufikiri tangu nikiwa msichana, leo nimelala kitandani naifikiria.

Nikajiambia jikaze kisabuni, mama. Fanya tu kama siku zote. Fanya kama siku ile Kicheko alipokuwa upande wa pili wa ukumbi na wewe upande huu, mnakutana katikati mnagonganisha madekio.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna aliyepiga simu. Nimepika cha kutosha watu wawili, kwa kujisahau. Nimekula upande mmoja wa meza.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika stoo. Nimekaa juu ya ndoo yangu ya bluu. Naandika haraka, mwandiko kama wa kuku.

Nimefika muda wa kawaida. Lifti ikafunguka. Nikatoka na dekio langu begani kama askari.

Sakafu inang'aa.

Inang'aa! Keki hakuna. Vikaratasi hakuna, hata kimoja, hata kwenye zile nyufa. Chini ya mashine ya kuchapia pakavu, pananukia dawa ya limau. Niliona sura yangu pale chini imefungua mdomo.

Na Kicheko ameegemea ukuta mwisho wa ukumbi, peke yake, aproni imelowa, anahema. Kifua kinapiga mluzi.

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele. Nikamuuliza kama amerogwa. Nikamuuliza kama hakusikia Ijumaa, kama anajua alichokifanya, kwamba ule uchafu ndio ulikuwa wokovu wake na wa Mzee, kwamba Meneja yuko njiani, kwamba sasa nitapiga deki sebule kama ile ya kwangu na itakuwa namba ile ile na itabidi nitaje majina! Nilisema yote. Hadi ya sebule.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Tukawa tunahema wote wawili.

Kisha akasema — nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayasahau:

"Nilikuona kwenye mlango wa vioo unashuka ngazi ile Jumatatu. Unafikiri hukuonekana? Umeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Halafu unataka upige magoti mbele ya yule kijana ukwangue keki, na yeye ameshika saa? Nimelala naliona goti lako tu. Nikasema hapana. Potelea mbali. Wewe mwanamke hutapiga magoti mimi nipo."

Wewe mwanamke.

Nikakaa chini pale pale, juu ya ile sakafu inayong'aa. Goti halikuuliza.

Akaja akakaa pembeni yangu, kwa shida. Nikamuuliza mbona siku zote hizo ameniita Madam kama amemeza karatasi. Akashangaa mimi kuuliza. Kasema si mimi niliyeanza? Alinitania habari ya mashine inayoumwa kiuno. Sikucheka. Nilikuwa mbele kule nimenyooka kama nguzo ya taa. Akaona basi, huyu ameshakuwa Madam, tumwekee kiti.

Nikamwambia nilitaka kucheka mpaka mbavu ziliniuma. Akanitazama kama naongopa. Nikacheka, wakati huu hasa, ile ya zamani, ya mwezi mzima iliyokwama. Na yeye akaanza. Jina lake hakupewa bure. Tulicheka mpaka akaanza kukohoa, nikampiga mgongoni.

Halafu tukaacha, kwa sababu hakuna kilichobadilika.

Akasema tumwage chai sakafuni. Yuko tayari, birika hili hapa. Tukwangue na unga wa wino kwenye ile mashine tuutawanye. Nusura nikubali! Nilishashika birika. Lakini nikaona nimechoka na sakafu za uongo. Ya kwanza ilikuwa safi ya uongo, hii iwe chafu ya uongo? Yule kijana atabonyeza saa juu ya kitu gani?

Nikamwambia nitamweleza kila kitu. Tangu ile siku ya kiti. Nitamwambia na mimi nilijua tangu Jumatatu iliyopita nikanyamaza. Kama ni kuchezea kipimo, na mimi nimechezea. Kama ni kumwaga unga, na mimi nimo, na cheo changu na kamba yangu.

Kicheko akanipokea birika. Akasema anaweza kutufukuza wote sita.

Nikasema anaweza.

Akasema au anaweza kurudisha kipimo.

Nikasema nalo anaweza. Sijui. Alinipa mkono Ijumaa, na mkono wake ulikuwa wa mtu. Ila na yeye anapimwa.

Pacha wamefika, wamekuta sakafu, wamefunika midomo. Dereva yuko nao. Mzee wa Vioo amevua kofia kama yuko msibani. Wamejipanga ukumbini. Nimeingia stoo mara moja kuvua hii saa, nimeitundika kwenye msumari wa madekio. Kicheko amenifuata. Kile kiti chenye mgongo amekikalia yeye, anapumzisha kifua. Anaitia chai yangu sukari bila kuniuliza, vijiko vile vile vya siku zote.

Meneja amepiga simu. Yuko chini, anapanda.

Hapa nilipo sijui jioni nitaandika nini, au kama kesho nitaamka niende wapi.

Lifti imelia. Kicheko amesimama, amejifuta mikono kwenye aproni. "Wewe mwanamke, weka hilo daftari. Twende."